Maalimu Gharibu Mbwana Anaaga Darasa la Insha

Baada ya miaka thelathini ya kufundisha insha katika shule yetu hapa Kismayu, Maalimu Gharibu Mbwana atastaafu tarehe 30 Juni, 1957. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya kumuaga, yasomwe siku hiyo uani, kisha yatiwe kwenye jarida la walimu. Mwenyekiti alinisihi yawe maneno mepesi, ya kuchangamsha. Nitaanza na hayo mepesi, kwani yapo, na ni haki ya Maalimu yasemwe. Yaliyobaki nitayasema pia, kwa sababu kila mtu wa mji huu mwenye umri wangu anayajua, na tukimuaga huku tumeyanyamazia tutakuwa tunamuaga mtu mwingine.

Maalimu Gharibu ni mzaliwa wa kisiwa cha Koyama, mtoto wa fundi wa mashua. Baba yake alitaka ashike tezo, lakini baada ya mwaka mmoja wa kuharibu mbao nzuri alikubali kumpeleka Lamu kwa mjomba wake, asome. Huko alijifunza Kiarabu, na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko ambao hata leo ukiuona ubaoni unasikitika kuufuta. Kazi yake ya kwanza ilikuwa forodhani hapa Kismayu, zama za Waingereza. Wataliana walipokabidhiwa nchi wakamwachisha, kwa kuwa hakujua lugha yao. Mwaka 1927 wafanyabiashara wa mji walipofungua shule hii, walimkuta anaandikia watu barua kwa malipo ya kahawa, wakamwita.

Wakati ule insha ilikuwa ni "Faida za Ngamia." Mwanafunzi aliandika kwamba ngamia ana maziwa, ana nyama, ana ngozi, akapata alama zake akaenda zake. Inasemekana Maalimu alisoma insha za ngamia za darasa zima, na kesho yake akaingia darasani akazirudisha bila alama hata moja. "Hapana mchu humu aliyetaka kitu kwangu," aliwaambia kwa lahaja ya kwao, ambamo mtu ni mchu. "Mkiandika, mtakeni mchu afanye jambo. Kama hamtaki kitu, nyamazeni."

Tangu siku hiyo mada zake zilitoka mjini. Kila Jumamosi, akiingia tu, aliuliza, "Habari gani mjini?" Wanafunzi walizoea kuamka mapema wakapite sokoni na bandarini wasikose la kusema. Habari zilikuwa amri mpya, kisima kilichoingia chumvi, bei ya sukari, au jambo lililosomwa katika gazeti lililofika na chombo kutoka Mombasa likiwa limeshazeeka. Katika hizo alichagua moja, akaifanya swali. Kisha akatoa vijiti vya makuti alivyovificha mkononi. Aliyevuta kirefu aliunga mkono, aliyevuta kifupi alipinga, na moyo wake ulikuwa upande upi hakuna aliyeuliza. Alikuwa na wosia mmoja aliourudia mpaka wanafunzi wakauimba njiani: neno la mpinzani wako liseme wewe kabla hajalisema yeye.

Matokeo yalionekana haraka. Wauza samaki walipoamriwa watoke kwenye kivuli cha msikiti wakauzie juani nyuma ya forodha, wanafunzi wa Maalimu ndio waliowaandikia ombi lao. Hawakulalamika juu ya jua. Waliandika juu ya pua za mabwana wa ofisi za forodha na samaki wa saa sita mchana. Amri ikafutwa kabla ya Ijumaa, na shule ikaletewa kapu la samaki wa ng'onda ambalo harufu yake tuliishi nayo mwezi mzima. Mara nyingine mke mmoja wa mtaa wa juu aliomba aandikiwe mumewe aliyekimbilia Mombasa. Barua ilikuwa na nguvu hata mume akarudi na chombo cha kwanza. Baada ya wiki mbili mke yule alikuja tena shuleni. "Maalimu," alisema, "niandikieni nyingine, arudi alikotoka."

Mimi nilikuja kufundisha hesabu mwaka 1934. Darasa langu na lake yalitengwa na ukuta wa makuti. Nilikuwa nikiuliza saba mara nane, mtoto ananijibu, "Napinga." Hayo ndiyo mepesi, na namshukuru Maalimu kwa kunipa kicheko katika mwaka ule wa mwanzo.

Mwaka uliofuata habari ya mji ilikuwa moja tu. Meli zilishusha bandarini mapipa, nyumbu, magurudumu na waya, na kila mtu alijua kwamba Wataliana wanajiandaa kupigana na Wahabeshi. Serikali ilitafuta vijana wa kubeba mizigo na kulima barabara nyuma ya jeshi. Bara walipatikana, kwa hiari na kwa nguvu. Visiwani hawakupatikana. Motaboti ya serikali ikichomoza tu, vijana wa Koyama na Chovai waliingia mikokoni, wakakaa humo na mbu mpaka iondoke.

Jumamosi moja Maalimu aliuliza swali lake la kawaida, na darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Vita!" Wako wanaosema mpaka leo kwamba angechagua bei ya sukari. Siku ile aliniambia uani, "Hamidi, nikiwaambia habari kubwa tuiache, nitakuwa nimewafundisha kwamba kalamu ni ya mambo madogo." Basi akaandika ubaoni: Je, kijana wa visiwani aende kazi ya bara au abaki kwao?

Katika darasa lile alikuwamo mtoto wa Chovai aitwaye Nasrudin, wa miaka kama kumi na tano, aliyekuwa akikaa hapa mjini kwa shangazi yake. Baba yake alikufa kwa homa Nasrudin angali mdogo. Aliyemlea ni kaka yake, Mahmudi, aliyevua na kumletea shangazi samaki ili mdogo wake asome. Nasrudin alikuwa mtoto mkimya, na insha zake mpaka wakati huo zilikuwa za kawaida. Alivuta kijiti kirefu. Akasimama.

"Maalimu, naomba nibadilishane na mwenzangu."

"Kwa nini?"

"Mimi sitaki mchu yeyote wa kwetu aende."

"Ndiyo maana utaandika vizuri. Upande usioupenda ndio utakaokufundisha."

"Na nikiandika vizuri mno?"

Darasa likacheka. Maalimu naye akacheka. "Basi nitamshukuru Mwenyezi Mungu," alisema. "Kaa, mwanangu, uandike."

Nasrudin aliandika wiki nzima. Hakusema lolote juu ya bendera wala mfalme, kama wenzake waliovuta kirefu. Alijiuliza kijana wa Chovai anakereka na nini, na jibu alikuwa nalo nyumbani kwao. Siku ya kusoma nilimsikia kupitia ukuta wa makuti, na wanafunzi wangu wakaacha kuandika. Maneno yake nimeyasikia mara nyingi tangu hapo, kwa hiyo nayaandika kama yalivyo:

"Mtasema njia ni ndefu. Ni kweli. Lakini aliyekwambia kukaa ni kufupi ni nani? Babu yako alikaa, baba yako akakaa, na wewe bado unavua kwa wavu wa mchu. Samaki mzuri unampa mwenye wavu, na mama yako hula wa mwisho akisema ameshiba. Paa linavuja juu ya kitanda chake, naye husogeza kitanda, hasemi neno. Wewe unamwona. Unaogopa kufa bara. Je, huogopi kumzika yeye chini ya paa lile?"

Alipomaliza, zamu ilikuwa ya kupinga. Aliyetakiwa kusoma baada yake aliomba asisome. Maalimu aliinuka, akatoa kalamu yake ya wino, ile aliyotoka nayo forodhani, akamtia Nasrudin mkononi. Jioni aliniambia kwamba miaka minane alikuwa akiisubiri insha moja, na sasa ameipata.

Ilikuwa desturi yake kuichukua insha bora mpaka kwenye baraza la muuza kahawa, karibu na msikiti, akaisoma Alhamisi baada ya alasiri. Watu waliipenda desturi hiyo. Alhamisi ile aliisoma ya Nasrudin, na vikombe vikapoa. Miongoni mwa waliokaa alikuwapo mkalimani wa ofisi ya serikali, mtu wa mji huu huu. Jina lake nitaliacha, kwani ameshakufa na ana watoto. Aliinuka akamfuata Maalimu.

"Maalimu, nipatie nakala."

"Nitakupa mbili. Yuko mwenzake aliyepinga, naye kaandika vizuri."

"Huyo wa kupinga muweke. Nipe huyu."

"Ni mazoezi ya watoto, bwana. Walivuta vijiti."

"Najua. Nipe tu."

Akampa. Alikuwa na fahari siku ile, na mwalimu asiyepata kuona fahari hata mara moja hafundishi muda mrefu.

Yaliyotokea baadaye tuliyapata kwa waliokuwapo. Motaboti ilikwenda Koyama, ikaishia Chovai. Safari hii mkalimani na ofisa mmoja hawakuja na askari. Walikuja na karatasi. Mkalimani alisimama akaisoma kwa sauti, na waliokuwa mikokoni walitoka mmoja mmoja wakasogea, kwa sababu tangu Wataliana waje hawajasikia neno la serikali linalozungumzia paa na mama. Huko Chovai akaongeza: "Na aliyeandika haya si mgeni. Ni mtoto wenu, Nasrudin mwana wa Mwanatumu."

Mahmudi alikuwa amesimama anasikiliza. Paa lile alilijua, na anayesogeza kitanda alimjua. Akatangulia kutaja jina lake. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa vijana wenzake, na alipotaja lake, wakafuata wengine, kumi na kitu.

Walipoletwa mjini kupanda malori, Mahmudi alipita shuleni kumuaga mdogo wake. Alisimama mlangoni, mtu mrefu, ameshika kikoi kipya mkononi, akaita kama wanavyoita Wasomali.

"Waryaa, Nasrudin! Karatasi yako imefika kwetu. Mchu anasoma, wachu wote kimya."

Nasrudin alitoka nje. "Kaka, ile ilikuwa insha. Nilipewa upande ule. Mimi sikutaka."

"Lipi la uongo mle?"

Mahmudi hakungoja jibu.

"Paa halivuji?"

"Linavuja."

"Mama hasogezi kitanda?"

"Husogeza."

"Basi. Mimi nilidhani wewe mtoto, huoni. Kumbe unaona kunipita." Alimwekea mkono kichwani. "Nikirudi nitaezeka. Wewe soma."

Maalimu Gharibu aliyasikia yote akiwa ubaoni. Aliweka chaki, akamfuata Mahmudi mpaka kwenye uwanja wa malori, na mimi nikamfuata yeye. Vijana wa visiwani walikuwa wamekaa juu ya magunia. Maalimu alisimama mbele yao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akitafuta neno la kuanzia.

"Wanangu, shukeni," alisema. "Karatasi ile ni ya darasani kwangu. Mimi ndiye niliyeitaka. Huko mwendako ni mbali, na kuna homa."

Kijana mmoja akamjibu kwa tabasamu, "Ni kweli, Maalimu. Lakini aliyekwambia kukaa ni kufupi ni nani?"

Wenzake wakacheka. Walikuwa wamekwisha kuihifadhi.

"Mama zenu watawalilia."

"Na chini ya paa lile hawalii?" akasema mwingine.

"Mtakufa! Mnasikia? Mtakufa huko!"

"Unaogopa kufa bara," wakaitikia wawili watatu kwa pamoja, kama watu wanaoitikia kasida, na kicheko kikazidi. Hawakumdharau. Walimpenda, na walidhani anawapima kama wamejifunza. Kila neno aliloleta lilikuwa limeshachukuliwa na kupewa jibu, kwani ndivyo alivyomfundisha mwanafunzi wake. Malori yalipowashwa alishika ubavu wa lori la Mahmudi. Askari mmoja alimtoa mkono, taratibu tu, kama unavyomtoa mtu mgonjwa.

Habari za kule zilikuja vipande vipande. Homa. Kiu. Lori lililopinduka. Vita viliisha, bendera zikapandishwa mjini, na wa visiwani hawakuonekana. Baadaye walirudi watatu. Mmoja wao alikuwa na Mahmudi mwishoni. Alisema Mahmudi alikufa kwa homa katika kambi ya barabara, mbele ya mto Shabele, akazikwa na watu wasiomjua. Tulipomuuliza ni wapi hasa, alisema hakumbuki, kwa sababu mahali pote palikuwa sawa.

Wiki hiyo mama yao, Mwanatumu, alikuja shuleni. Tulidhani atapiga kelele, na ingekuwa afadhali. Aliketi kwenye jamvi la darasa, akaweka buibui yake sawa.

"Maalimu, nisomee karatasi ya mwanangu."

"Mama, usinitake hilo."

"Siku ile niliisikia kwa mbali. Wanawake tulikuwa nyuma. Nisomee."

Maalimu aliisoma. Alikwama mahali pa kitanda, akaendelea. Nasrudin alisimama mlangoni, uso umeelekea ukuta.

"Nzuri," alisema Mwanatumu ilipokwisha. "Hata mimi ningekwenda."

Kisha akainuka. "Nasrudin, chukua vitu vyako, twende." Nasrudin alikusanya vitu vyake, akaiweka kalamu ya wino juu ya meza ya Maalimu, akambusu mkono, akatoka. Tangu siku ile hajaandika. Ni mvuvi Chovai, mtu mzima mwenye watoto, na karatasi ikimfikia ya kutiwa sahihi huomba wino akatia dole gumba. Watu wasiomjua hudhani hakusoma.

Vijiti vya makuti havikuonekana tena. Kwa miaka mingi Maalimu alifundisha mwandiko tu. Wanafunzi walinakili methali na aya, kwa uzuri wa ajabu, wakatoka shuleni wakiwa makarani wanaotafutwa mji mzima. Waingereza walikuja na vita vyao, wakaondoka. Wataliana walirudi mwaka 1950, safari hii kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mji ukajaa redio, vyama na mikutano. Mkaguzi alipofika alitaka wanafunzi wafundishwe kuandika juu ya habari za siku. Maalimu alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaambiwa achague kufundisha au kwenda nyumbani, naye alikuwa na watoto.

Akafundisha, lakini kwa sharti lake. Hakuna kura ya vijiti. Kila mmoja aandike analoliamini, na sentensi ya mwisho iseme atakayemfuata atapoteza nini. Hakuna insha iliyopokewa bila sentensi hiyo. Wanafunzi waliichukia. Katika mashindano ya insha ya jimbo hatukupata kushinda hata mara moja, na bwana mmoja wa chama aliyekuja kutafuta waandishi wa hotuba aliondoka amekasirika. "Hawa wako," alimwambia Maalimu, "humwonya mchu kabla hawajamwita!" Maalimu alimshukuru. Nadhani ni sifa pekee niliyomwona akiipokea katika miaka hii.

Kuhusu ushindi wa kalamu yake mwenyewe sina la kuripoti. Tangu miaka ile ameandika kwa kila serikali iliyokaa hapa, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza na kwa Kitaliana alichojifunza kwa ajili hiyo tu, akiomba jambo moja: aambiwe vijana wa visiwani wamezikwa wapi. Nimezisoma barua hizo. Hakuna mtu katika pwani hii anayeweza kuandika vizuri zaidi. Waingereza walijibu kwamba hilo ni la serikali iliyopita. Wataliana wa sasa walijibu kwamba wao si wale wa zamani. Mwaka jana aliandika kwa mabwana wetu wapya wa Mogadishu, watu wa kwetu, na sijui kama ni afadhali kwamba hawakujibu kabisa.

Na kuanzia muhula ujao, wenzangu mnajua, insha ya Kiswahili haimo tena katika ratiba. Itakuwa Kitaliana na Kiarabu. Chumba chake kitawekwa madawati yaliyovunjika. Maalimu alipoambiwa hakupinga. Mwenyekiti alimuuliza kama angependa sisi walimu tuandike ombi, naye akasema ombi zuri linaweza kukubaliwa, kisha je? Tukaliacha.

Mwezi uliopita alinitaka nimsindikize Chovai. Yeye huenda huko kila mwaka, na kila mwaka Nasrudin humpokea vizuri, humpa samaki na mahali pa kulala, wakazungumza habari za pepo na nyavu. Mwaka huu tulimkuta na mwanawe wa kwanza, Barke, binti wa miaka saba au minane, akichora mchangani kwa kijiti. Alikuwa anachora mashua, na pembeni ya mashua alikuwa ametia alama zake mwenyewe, mstari kwa mstari, mfano wa maandishi. Hakuna aliyemfundisha. Maalimu aliziangalia sana.

Tulipokuwa tunakula alisema, "Nasrudin, shule sasa inachukua wasichana. Nyumbani kwangu pana nafasi, na mke wangu anapenda watoto. Huyu binti yako..."

Nasrudin aliweka chini tonge lake. Hakukasirika. Alisema kwa heshima ile ile ya miaka yote, "Maalimu, ukinishawishi utaniweza. Najua. Basi nakuomba usinishawishi."

Maalimu alimtazama. Maneno alikuwa nayo. Mimi niliyekaa kando yake niliyasikia yakimjia, na mawili matatu hata mimi ningeyasema. Kisha akanawa mkono wake, ingawa sahani ilikuwa bado imejaa. "Sikushawishi, mwanangu," alisema. Barke alikuwa nje, na maji yalikuwa yanajaa yakifuta alizoandika. Tuliondoka kabla ya adhuhuri.

Maalimu, kamati ilitaka kukununulia redio, ukakataa. Kwa hiyo tutakupa jamvi la visiwani na kahawa ya kukutosha mwaka mzima. Shule inakushukuru kwa wauza samaki na kwa mume wa Mombasa, kwa makarani wote wenye mwandiko wako, na kwa sentensi ile ya mwisho ambayo hakuna aliyeipenda. Nasikia unarudi Koyama. Hatuna la kukuambia la kukuondolea ulichobeba, na tungekuwa nalo usingelisadiki, kwani wewe ndiye uliyetufundisha kulipima neno zuri. Uende salama. Mola akujaalie usingizi, na asubuhi nyingi zisizokuwa na habari.

Hamidi bin Omar,
mwalimu wa hesabu